Semina ya kupanga utafiti wa darasani, Mtwara mjini: nenda, ila siku mbili hazitoshi

Wakufunzi wenzangu wa huku kusini mnaoulizia ile semina ya Shangani ya kupanga utafiti kuhusu ufundishaji na ujifunzaji, mi nimeshaimaliza, naandika kila kitu hapa maana maswali yamekuwa mengi. Ada elfu arobaini, chai na chakula cha mchana humo humo, na chai inakuja na ming'oko ya moto na pilipili pembeni kwa hiyo upande wa tumbo sina neno.

Kwanza mjue sio semina ya kufundishwa SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchakata takwimu, wala ya kuandikiwa andiko. Ni ya mtu anayefundisha chuo, kuna kitu darasani kwake kinamsumbua, anataka akichunguze kwa utaratibu halafu awaonyeshe na wenzake alichokiona. Mwezeshaji ni mama mmoja mkufunzi mstaafu, sauti yake ya chini ila hakuachii, akishakuuliza "haya mwanangu, hilo utalijuaje?" hapo utaeleza mpaka kieleweke. Alitaja kidogo kwamba hii habari ya mkufunzi kuchunguza darasa lake ilipata nguvu Marekani mwaka 1990, Ernest Boyer wa Carnegie, taasisi ya kule ya kuendeleza ufundishaji, alipoandika kwamba kufundisha nako ni kazi ya kisomi, kisha hakukaa hapo akaingia kazini moja kwa moja, nimempenda sana kwa hilo.

Kilichofanya nione hela imeenda kihalali ni ile asubuhi nzima ya kwanza kuishia kwenye swali tu. Watu wanakuja na mada kama "sababu za wanachuo kufeli hesabu", yaani hiyo ni kazi ya wizara sio ya mtu mmoja mwenye vipindi wiki nzima. Mama anakwambia haya, darasa lipi, mada ipi, muda gani, na wewe hapo unabadilisha nini. Akatupa na mpangilio wa maswali wa Pat Hutchings, mama wa Marekani aliyeandika sana kuhusu utafiti wa namna hii, kuna swali la kujua njia fulani inasaidia au haisaidii, kuna la kujua hali ikoje yaani mwanachuo akifika hapa kichwani kwake kunatokea nini, kuna la kuangalia nini kinawezekana, na lile la kujenga nadharia. Sasa wengi wanarukia la kwanza, wanataka kuthibitisha mbinu yao inafanya kazi, na hali yenyewe ikoje bado hawajaijua! Kaka mmoja wa Masasi alikuja anataka kulinganisha makundi mawili, moja mhadhara jingine majadiliano, akaondoka na swali la wanachuo wake wa mwaka wa kwanza wakikwama kwenye tatizo la fizikia wanajadiliana kwa lugha gani na wakibadili lugha nini kinafunguka, maana shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, sekondari wakakutana na Kiingereza, chuoni notisi ni Kiingereza ila ukiwaacha wenyewe kwenye kikundi wanarudi Kiswahili. Hilo swali lina mwisho, na ushahidi wake upo hapo hapo mezani kwao.

Jambo la pili ambalo naliamini kabisa sasa: dodoso lisiwe la kwanza. Huku kwetu mtu akisema utafiti tu tayari kafungua Word anaandika "nakubali sana, nakubali, sijui". Mama alitutaka tuorodheshe kwanza vitu ambavyo kazi yetu inavitoa kila siku, mitihani iliyosahihishwa, kazi za CA yaani zile za maksi za katikati ya semista, daftari la mahudhurio, vile vikaratasi vya mwisho wa kipindi mwanachuo anaandika alichojifunza na ambacho hajakielewa. Na hapo kwenye mahudhurio palinoga, dada mmoja alisema kwake darasa linapungua msimu wa korosho kwa sababu wapo wanaoenda kusaidia nyumbani, kwa hiyo ukijaribu mbinu yako Oktoba halafu ukalinganisha na Mei unaweza kuisingizia mbinu kumbe ni shamba. Hiyo kitu hakuna kitabu cha nje kitakachokuambia.

Maadili nayo yalipewa muda wa kutosha, nashukuru. Wewe ndiye unayefundisha na ndiye unayetoa maksi, mwanachuo atakukatalia vipi ukimwambia asaini fomu ya ridhaa? Njia aliyoshauri ni fomu zikusanywe na mkufunzi mwingine, zikae kwake kwenye bahasha mpaka matokeo yatoke, ndipo ujue nani kakubali kazi zake zitumike. Na vibali anza kuulizia mapema chuoni kwako kabla semista haijaanza, sio wiki ya pili ndo unakimbizana na barua.

Sasa mapungufu. Siku ya pili mchana, kuchambua maelezo ya wanachuo, ilikimbizwa mno. Sehemu ile ndo ngumu kuliko zote, una vikaratasi lundo unatakiwa uvisome uvipange kwa maana zake na mwenzako avisome peke yake muone kama mnaona kitu kimoja, halafu tunapewa saa moja na nusu! Ilitakiwa siku nzima. Makabrasha ni fotokopi hafifu, mengine mistari ya chini haionekani, kwa elfu arobaini wangetoa nakala safi. Alafu baada ya hapo ufuatiliaji ni grupu la wasapu tu, mama anajibu vizuri ila ni mmoja na sisi ni wengi, anayetoka Newala au Nachingwea angehitaji walau kikao kimoja cha kurudi katikati ya semista.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kama chuo kinaweza kulipia nendeni wawili wa idara moja, mtasaidiana kwenye zile fomu na kusoma vikaratasi. Beba mitihani ya mwaka jana ya somo lako, majina yafichwe, itatumika kuanzia asubuhi ile ile ya kwanza.