Kugeuza nyumba ya 1957 kuwa ya paa la kujificha hapa Mbeya: uzoefu wangu na kampuni niliyoipa kazi

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kwa kuchora, kupima na kubomoa kwa akili, kampuni hii ningeiita tena hata kesho. Kwa kupaua, hapana. Jina lao silitaji kwa sababu bado tuna hesabu ambazo hatujazifunga, na wenyewe wakisoma watajijua.

Nyumba yenyewe iko Uzunguni, chini ya Mlima Loleza. Ilijengwa 1957 kwa tofali za kuchoma, kuta nene za inchi 9, paa lenye mteremko mkali na upenu uliotoka karibu mita nzima kuzunguka pande zote. Madirisha madogo ya chuma. Sakafu nyekundu ya saruji, ile iliyokuwa inapigwa waksi mpaka mgeni anateleza. Sebuleni kuna meko ya kuotea moto na dohani la matofali linalotoboa paa. Mama mkwe bado anaishi humo. Mume wangu na wadogo zake walitaka ile mitindo unayoiona ukipita Isyesye: kuta zinapanda juu zinaficha bati, madirisha mapana ya aluminiamu, rangi nyeupe na kijivu, taa za kumulika ukuta. Mimi nilikuwa upande wa kuiacha nyumba ilivyo na kuikarabati tu, ila kura hazikutosha. Kwa hiyo nikaomba jambo moja, kwamba mimi ndiye nitakayesimamia kazi, nao wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia. Wote wanaishi Dar.

Mafundi wengi niliozungumza nao mwanzoni walikuja na simu. Anakuonyesha picha ya nyumba ya mtu, anakuuliza, "Mama, unataka kama hii au hii?", halafu anakutajia bei akiwa amesimama getini. Hawa walikuja na futi kamba. Mbunifu majengo wao alipima kila ukuta, akapanda darini na tochi, akachimbisha shimo kando ya msingi kuona umekaa juu ya nini (mawe, na yamepangwa vizuri), ndipo akaenda kuchora. Nilihakikisha kwanza kwamba mbunifu amesajiliwa AQRB, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na kampuni iko CRB, bodi ya makandarasi. Fanya hivyo hata kama mkandarasi ni binamu yako. Kibali cha ujenzi walikifuatilia wenyewe halmashauri ya jiji, nami nikalipia ada tu.

Sehemu iliyonifanya niwaheshimu ni mazungumzo kuhusu ukuta wa kuficha paa. Huo ukuta umesimama peke yake juu, haubebi kitu wala haushikwi na kitu. Mhandisi wao alisema kwenye tetemeko ndio huanguka mapema kuliko sehemu nyingine za nyumba, na unaangukia mlangoni, mahali watu wanapokimbilia. Mbeya tumekaa pale ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana: la Rukwa linatoka kaskazini magharibi, la Ziwa Nyasa kusini mashariki, na la Usangu kaskazini mashariki. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, la ukubwa wa takriban 7.4, ni miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kupimwa Afrika. Mama mkwe alisikiliza akaitikia kwa kichwa tu, maana vitetemeko vidogo amevizoea, vinapita sahani zinalia kabatini na yeye anaendelea na chai.

Basi wakamwaga mkanda wa zege juu ya kuta zote za zamani, wakasimamisha nguzo fupi zenye nondo kila baada ya mita 3, ndipo wakajenga tofali katikati yake na kuufunika ukuta kwa kofia ya zege yenye mteremko wa kumwaga maji kwa ndani. Shemeji mmoja alipiga simu kutaka ukuta uongezwe urefu ili nyumba "ionekane ghorofa". Mhandisi alimjibu kwa adabu kwamba ukuta utaishia pale bati linapojificha. Nilimpenda huyo kijana.

Kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya kuondoa paa la zamani, nalo lilikuwa la asbesto. Nyumba nyingi za miaka ile zimeezekwa hivyo, kwa hiyo kama yako ni ya umri huo, chunguza kabla hujampa mtu nyundo. Asbesto ikikaa kimya juu haina neno sana. Hatari ni ikivunjwa, ikikatwa au ikikwanguliwa, kwa sababu vumbi lake lina nyuzi ndogo zinazoingia mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miongo. Kampuni hii ilifanya inavyotakiwa: walilowesha paa kwa maji, wakafungua boliti moja moja badala ya kupiga, wakateremsha vipande vikiwa vizima, wakavifunga kwa nailoni nene, na vijana walivaa barakoa za kazi hizo, zile za kitambaa zilikatazwa. Utaratibu wa kuvitupa waliufuata kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kilichonichosha ni majirani. Kila siku mtu anakuja, "Dada, tunaomba vipande viwili tu vya banda la nguruwe." Nilikataa, na najua wengine bado wananiona mchoyo.

Mbao za kenchi za zamani zilikuwa ngumu kiasi kwamba msumari unapinda. Hatukuzitupa. Zilichanganywa na mbao mpya za msindano kutoka msitu wa Sao Hill, zilizotiwa dawa, na hapo tuliokoa fedha ya maana.

Sasa paa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na ukuta pande zote nne na mifereji miwili ya ndani, iliyofichwa kati ya ukuta na bati. Nilimwomba mbunifu tupige hesabu pamoja. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu ni kama mita 160 za mraba. Mvua ya milimita 40, ambayo mwezi wa Januari Mbeya haimshangazi mtu, ni lita 6,400, na zote zinatakiwa kupita kwenye mifereji iliyo juu ya vichwa vyenu, ndani ya nyumba. Ongeza mvua ya mawe inayoziba mdomo wa bomba. Ongeza maua ya jakaranda ya mwezi wa kumi na majani ya mikaratusi ya jirani. Mteremko nao unashuka: paa la zamani lilikuwa na nyuzi karibu 30, hili jipya ni kama 5, maji yanatembea badala ya kukimbia.

Mbunifu alitetea mchoro wake kwa kunikumbusha soko la Kariakoo lililochorwa na mbunifu Beda Amuli, ambalo paa lake limeundwa kupokea mvua na kuiteremsha chini kwenye hifadhi ya maji. Ni kweli, na ni jengo ninaloliheshimu sana. Lakini lile ni zege, tena kichwa kilichochora ni cha Amuli. Letu ni bati la geji 28 na vijana wa Mwanjelwa. Alicheka, akarudi kwenye meza, akaja na mchoro uliojengwa: kuta tatu zinaficha, ya nyuma imeachwa wazi, bati lote linamwaga maji nyuma kwenye gata ya kawaida ya nje, kutoka hapo yanaingia tangi la lita 5,000. Ukisimama barabarani huoni bati hata kidogo. Ukizunguka nyuma unaona kila kitu, na nyuma anayeenda ni kuku tu na mimi. Mfereji wa ndani ulibaki mmoja mfupi juu ya baraza ya mbele, na huo niling'ang'ania uwe na tundu la pembeni la kutoa maji yakizidi, ili bomba likiziba maji yamwagike nje. Mwezi wa kumi na mbili mawe yalijaa pale kama ugali kwenye sufuria, na maji yakatokea kwenye tundu kama yalivyoagizwa.

Kama mchoro ni mzuri hivyo, kwa nini nimesema kwa kupaua hapana? Kwa sababu anayechora na anayepanda juu si mtu mmoja. Kazi ya bati kampuni iliigawa kwa kikundi kingine bila kuniambia. Pale bati linapokutana na ukuta huwa panafungwa bati la kukunja, mafundi wanaliita flashi. Flashi inatakiwa iingie ndani ya ukuta: unachimba mfuo kwenye tofali, unachomeka ukingo wa bati, unaziba kwa udongo wa saruji, na lipu inashuka juu yake. Wao waliigandisha juu ya lipu kwa silikoni na misumari. Ikikauka inapendeza. Jua la mchana na baridi ya usiku ya huku kwetu vikaivuta na kuilegeza, na mvua za kwanza tu doa likatokea kwenye jipsam ya sebule, kona ya dohani.

Niliwapigia. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ni mvuke wa ndani unaoganda darini. Mvuke! Doa lina rangi ya chai na linakua kila inaponyesha. Wakaja wakaongeza silikoni. Doa likahamia upande wa pili wa dohani. Wakaja tena na kopo la lami. Mwisho nikamtafuta fundi bati mzee wa hapa mjini asiye na kampuni wala kadi ya biashara. Alipanda, akashuka, akasema, "Mama, hawa wamegundisha plasta kwenye jeraha lenye mfupa ndani." Akang'oa yote kuzunguka dohani na kuta mbili za pembeni, akachimba mfuo, akachomeka. Hakuna tone tangu hapo. Nilipomlipa alisema, "Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na akakataa katakata kuongea ubaya wa wenzake zaidi ya ile sentensi moja.

Madirisha nawapa alama za juu, ingawa na yenyewe yalihitaji ubishi. Huku kusini mwa ikweta jua la Juni linakaa upande wa kaskazini, na kwa bahati njema nyumba inatazama kaskazini, kwenye Loleza. Kwa hiyo kioo kikubwa cha sebule kinapata jua na mlima kwa pamoja. Walitaka kuweka kingine kama hicho chumba cha kusini "ili nyumba ilingane". Nikakataa; kusini Julai hakuna jua, kuna baridi tu. Tuseme ukweli: sebule sasa ina joto mchana kuliko zamani, lakini usiku ina baridi kuliko zamani, maana kioo kimoja cha milimita 5 hakizuii kitu. Mapazia mazito siyo urembo kwenye mtindo huu, yahesabu kwenye bajeti.

Jambo lingine ambalo picha za mtandaoni hazikuambii ni upenu. Ule upenu mpana wa 1957 haukuwa pambo, ulikuwa unavika kuta mwavuli. Ukiuondoa, mvua ya upepo inapiga tofali moja kwa moja. Kampuni iliweka vikingio vya zege juu ya kila dirisha na kupunguza tatizo, lakini ukuta wa mashariki umeshaanza kuonyesha unyevu chini, na lipu imepasuka nyuzi nyuzi kwa sababu walipiga saruji kali sana juu ya tofali zilizojengwa kwa chokaa. Itabidi irudiwe.

Umeme, rangi, milango: kazi safi, sina neno. Sakafu nyekundu walitaka kuifunika kwa marumaru. Mama mkwe aliwauliza kama marumaru zina miaka sitini. Imebaki, imesuguliwa, na wageni wote wanaisifia kuliko kioo. Chumba chake pia kimebaki na madirisha ya chuma, na meko imebaki sebuleni na moto wake, ndiyo maana dohani nalo lipo, na shida zake zote.

Wanaouliza bei: jumla ilifika karibu nusu ya makadirio tuliyopewa ya kubomoa na kujenga upya, bila kuhesabu tangi na mapazia. Malipo tuligawa asilimia 40 ya kuanzia, 30 baada ya mkanda wa zege, 20 baada ya kupaua, na 10 ya kuzuia mpaka mvua ziishe. Hiyo 10 usikubali iondolewe kwenye mkataba, hata wakikupunguzia bei. Yangu bado ninayo. Nimewaandikia kwamba nitakata humo gharama ya fundi bati na ya kurudia lipu ya mashariki. La fundi bati wamekubali, la lipu wanabisha. Pia tunabishana mvua zinaisha lini. Wao wanasema mwisho wa Machi. Mimi ni mtu wa Mbeya, nimewaambia tuonane Mei.