Traxxas Slash: shokapu za plastiki zinatosha ukikubali kuzifungua

Kwa msimu mzima nimeikimbiza Traxxas Slash, pikapu ya rimoti ya kipimo cha 1/10, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, katika uwanja wa udongo mkavu. Swali ninaloulizwa zaidi ni iwapo shokapu za plastiki inazokuja nazo zinafaa kwa mashindano. Zinafaa, mradi mwenye gari asione uvivu kushika bisibisi.

Pikapu hii, iliyotoka mwaka 2008, imeinuka sana na betri yake imekaa juu. Kwa hiyo kwenye kona hulalia upande, na ukiongeza mwendo kabla usukani haujanyooka, nyuma huchomoka. Nilianza kwa kuongeza klipu za plastiki juu ya springi nikidhani ninazikaza, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu klipu haziigeuzi springi kuwa ngumu. Huinua gari tu, nalo huzidi kuyumba. Nilipozipunguza hadi mikono ya chini inayobeba magurudumu ya nyuma ikawa karibu sambamba na ardhi, kisha nikahamishia vichwa vya shokapu za nyuma kwenye tundu la ndani ili zilale na kulainika, tairi zilianza kushika.

Mafuta ya silikoni ya namba 30 yanayotoka nayo kiwandani nimeyaacha ndani ya shokapu za nyuma, na za mbele nikazitia namba 40, yaliyo mazito zaidi, ili usukani utulie gari linapoingia kwenye kona. Kazi hii haitaki haraka: ukishajaza, pandisha na kushusha pistoni polepole, wala usifunge kifuniko mpaka viputo viishe, kwani shokapu yenye hewa husikika ikinyonya na kuufanya upande wake uwe mlegevu. Kabla ya kurudisha springi, mimi hukutanisha mbili ncha kwa ncha na kuzibana. Moja ikitangulia kuingia, narudia. Mwishowe naliangusha gari kutoka kimo cha sentimita 30 hivi, nalo linapaswa kuzama na kurudi mara moja bila kudunda.

Yapo yasiyotibika kwa shokapu. Bodi pana hushika upepo kama mwavuli gari linaporuka, na tairi zilizoisha vinundu zitateleza tu hata ukirekebisha usiku kucha. Shokapu za alumini nilizozinunua kwa pupa bado zimo ndani ya boksi lake.