Mita ndogo ya kuchomeka ukutani: miezi miwili ya matumizi, Uyole

Baridi ya mwezi wa sita ilipoanza kuuma hapa Uyole, Mbeya, uniti za LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ambazo kwa kawaida hutufikisha mwisho wa mwezi zilikwisha tarehe 19, na nyumba nzima ikamgeukia kijana wetu anayelala bila kuzima taa. Badala ya kuendeleza kesi hiyo, nilishuka Mwanjelwa nikanunua, kwa shilingi 38,000, mita ndogo ya kuchomeka, ambayo hukaa kati ya soketi na plagi ya chombo na kuonyesha kwenye kioo chake wati zinazotumika wakati huo pamoja na uniti zilizotumika tangu ilipochomekwa. Muuzaji alinihakikishia, "Mama, hii itakupunguzia umeme." Haipunguzi chochote, inaonyesha tu, na kwa kazi hiyo naisifu.

Taa ya mezani ya kijana ilisomeka wati 9. Akiiacha iwake saa 10 kila usiku, atahitaji siku 11 kumaliza uniti moja, yaani wati-saa 1000, kwa hiyo tulimwomba radhi. Mkosaji alikuwa hita ya kuchovya: ndoo moja ya lita 20, kutoka ubaridi wa bomba la alfajiri hadi joto la kuogea, ilikula uniti 0.78 kwa muda uzidio nusu saa kidogo. Tuko wanne, na kila mtu na ndoo yake, hivyo kuoga peke yake kulimaliza uniti 3 kwa siku. Mteja wa daraja la D1, yaani la nyumba zinazotumia umeme kidogo, kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi na shilingi 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Uniti 75 ni wastani wa uniti 2.5 kwa siku, maana yake tulikuwa tumevuka mpaka kabla hata ya kuchemsha chai. Wapo wanaodhani kuchemsha nusu ndoo na kuchanganya na maji baridi kunaokoa umeme. Maji yakiishia kiasi kilekile na joto lilelile, umeme ni uleule. Kilichotusaidia ni kuoga kwa lita 10 na kuchomoa hita mapema, kabla maji hayajatoa mvuke.

Friji inahitaji subira, kwa sababu mota yake huwaka na kuzima, na kipimo cha dakika tano hudanganya. Niliiacha kwenye mita saa 24, ikasoma uniti 1.3. Nilipobana karatasi mlangoni, ikachomoka bila kushikwa na mpira. Baada ya fundi kubadilisha mpira huo, usomaji ulishuka hadi 0.9.

Duka hilohilo liliniuzia pia kile kiboksi chenye taa ya kijani kinachosemekana kupunguza matumizi ya umeme. Nilikichomeka kwenye ekstensheni moja na friji, vyote vikipita kwenye mita: ampea zilishuka kidogo, wati hazikushuka. LUKU ya nyumbani huhesabu wati-saa, haihesabu ampea, kwa hiyo hela ile niliitupa.

Mita yenyewe ina kasoro zake. Ikichomekwa nyuma ya friji, kioo hakisomeki bila kusogeza friji nzima. Umeme ukikatika, hesabu yangu hurudi sifuri. Tena haipimi chombo kinachozidi ampea 13 wala hita ya bafuni iliyofungwa moja kwa moja kwenye waya. Kuipima hita hiyo ya bafuni, nilizima kila kitu kingine nikahesabu mipepeso ya taa nyekundu ya LUKU, ambayo kwenye mita yetu, kama ilivyoandikwa usoni pake, hupepesa mara 1000 kwa uniti moja.

Atakayenunua ahakikishe plagi ina meno matatu bapa, kwani nyingi sokoni zina mawili ya mviringo, kisha aombe ijaribiwe dukani kwa pasi. Pasi ya wati 1000 isome karibu na hapo ikiwa volti ziko karibu na 230. Volti zikiwa 205, kama zinavyokuwa kwetu jioni, wati 800 ni sawa. Ikisoma 500, airudishe palepale kabla ya kulipa.