Leza za rangi nyingi kwa pati na kumbi: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Kitu cha kwanza mtu anachosoma kwenye boksi la leza ni wati, na hapo hapo ndo anapopigwa. Boksi limeandikwa wati 3, jicho linang'aa, hela inatoka, ukifika nyumbani ukawasha unakuta rangi nyeupe inatoka na ubluu bluu hivi kama mwanga wa simu, na nyekundu huioni vizuri mpaka uzime kila taa. Sababu ni kwamba diodi za bluu zina nguvu nyingi kwa bei ndogo, kwa hiyo muuzaji anajaza bluu, namba inapanda, basi. Jicho la binadamu lenyewe linaipenda zaidi kijani, ile ya nanomita 520 au 532 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, kinachoonyesha ni rangi gani hasa), ndo maana kijani kidogo tu kinaonekana kikali kuliko bluu nyingi. Kwa hiyo usiulize "wati ngapi", uliza wati ngapi za kila rangi. Kwenye nyekundu uliza pia ni nanomita ngapi, 638 inaonekana mbali vizuri kuliko 650 ingawa wati ni zile zile.

Haya tuje kwenye orodha, nazipanga kuanzia ile ningeinunua mimi tena kwa hela yangu.

Namba 1: leza ya kuchora, yenye skana za galvo

Ndani yake kuna vioo viwili vidogo sana, kimoja kinapeleka mwanga kulia na kushoto, kingine juu na chini, kwa kasi ambayo jicho linashindwa kuifuata, kwa hiyo nukta moja inayokimbia wewe unaiona ni duara au jina la bibi harusi ukutani. Hii ndo leza yenyewe, zile nyingine zote ni ndugu zake wa mbali.

Kasi ya skana inaandikwa kpps, yaani elfu za nukta kwa sekunde. 20 inatosha kwa miale na michoro rahisi, 30 ndo unaanza kuandika maneno bila aibu. Ila kuna ujanja hapa ambao dukani hawakwambii, ile namba inapimwa mchoro ukiwa mdogo, kipimo cha ILDA (chama cha watu wa maonyesho ya leza, kipo toka 1986) ni pembe ya nyuzi 8 tu, sasa wewe ukiutanua ujaze ukuta mzima skana inaanza kuhema, mchoro unacheza cheza na herufi zinapinda. Kwa hiyo 30kpps ya kwenye boksi sio 30kpps ya ukuta wako.

Kipimo changu ni hiki, mwambie muuzaji aiwashe ichore mraba, usiridhike na zile fujo za rangi anazopenda kuonyesha. Simama pembeni uangalie kona. Skana nzuri kona inakuwa kona, mbovu kona inaviringika kama sabuni iliyotumika, au unaona nukta kali inayong'aa pale kioo kinapogeuka. Halafu omba duara jeupe, likionekana lina kivuli chekundu upande mmoja na bluu upande mwingine ujue rangi tatu hazijapangwa zikae njia moja, na kuzirudisha sio kazi ya bisibisi la nyumbani.

Kingine cha kuuliza ni kama rangi ni TTL au analogi. TTL kila rangi ni iwake au izime, hakuna katikati, kwa hiyo unapata rangi 7 tu: nyekundu, kijani, bluu na mchanganyiko wake mpaka nyeupe. Analogi inapunguza na kuongeza taratibu, unapata machungwa, waridi, na rangi inayofifia polepole badala ya kukatika kama umeme umezima. Mimi ya kwanza niliambiwa ina "rangi zote", nimefika ukumbini nikataka rangi ya machungwa kufuatana na mapambo, nikapata njano. Njano! Mteja ananiangalia, mimi naangalia waya kana kwamba kosa ni la waya. Kumbe ilikuwa TTL tangu mwanzo na sikuuliza.

Hakikisha pia nyuma kuna tundu la ILDA (lile pana la pini 25) na la DMX (njia ya kuamrisha taa za jukwaani kwa waya). Hata kama leo unatumia rimoti tu, siku ukitaka kuiunganisha na kompyuta utashukuru.

Namba 2: leza ya RGB (nyekundu, kijani na bluu) yenye kioo cha kugawa mwanga, ikiwa na DMX

Hapa hakuna skana, kuna kipande chenye mistari midogo midogo kinachovunja mwale mmoja kuwa mamia ya nukta, na mota inakizungusha. Haiandiki jina la mtu, michoro ni ile ile waliyoiweka kiwandani. Ila kwa DJ anayeanza au sebule yenye watu ishirini inatosha kabisa, haina mambo mengi ya kuharibika. Jaribu ile hali ya kufuata muziki kwa kupiga wimbo wenye besi nzito halafu piga wa taratibu, nyingi zinaruka ruka hovyo kwa wimbo wowote, hata mtu akikohoa.

Namba 3: vile vidogo vya USB

Nyekundu na kijani, wakati mwingine bluu ni taa ya kawaida tu ya LED imewekwa nyuma ili uandikiwe "rangi tatu". Kwa bethidei ya mtoto sawa, lakini ifunge juu iangalie dari au ukuta, sio usawa wa macho ya watoto.

Namba 4: boksi la kila kitu, leza, strobu (taa ya kumweka mweka) na taa za disko ndani ya kasha moja. Kila kimoja kinafanya kazi nusu nusu. Kikifa kimoja unabeba lote kwenda kwa fundi.

Na ile isiyo na kibandiko chochote cha daraja la usalama huku inatangazwa wati 10? Hiyo haipo kwenye orodha, ipite. Madaraja yenyewe ni rahisi kukumbuka: 3R inaishia miliwati 5, 3B inaishia 500, kuanzia hapo kwenda juu ni daraja la 4, ambalo linaweza kuumiza jicho kabla hujapepesa na kuunguza kitu. Leza yoyote ya 3B na 4 iwe na funguo na kitufe cha kuzima haraka, na ukiifunga iwe juu, miale ipite zaidi ya mita 3 kutoka sakafuni, ukiangalia pia vioo na vitu vya kung'aa vinavyoweza kuirudisha kwa watu. Kamera nazo zinakufa. Shemeji yangu alikuwa anarekodi, mwale ukapita mara moja kwenye lenzi, na toka siku hiyo kila picha yake ina mstari wa rangi ya zambarau katikati, mpaka ya pasipoti.

Halafu bajeti. Bila moshi miale hewani huioni, unaona nukta ukutani tu, na watu wengi wanairudisha leza dukani wakidhani ni mbovu kumbe hewa ni safi mno. Tenga hela ya mashine ya moshi mwepesi, ule unaokaa hewani kama ukungu, sio ule mzito unaotoka kwa mafungu na kuwakohoza wazee.

Ukishaipata, iache iwake dakika 30 hapo hapo dukani, feni isilie kama pikipiki na kijani kisififie kasha likipata moto. Muuzaji atanuna. Mwache anune, ukishatoka na risiti hatakukumbuka.