ThinkPad X280 iliyokarabatiwa: uliza RAM kabla ya kuuliza bei

Lenovo ThinkPad X280 ilitoka mwaka 2018 kwa ajili ya watu wa maofisini. Ofisi hizo zimeshabadilisha mashine, ndiyo maana leo X280 nyingi zinauzwa zikiwa zimekarabatiwa, kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu. Kioo ni cha inchi 12.5 na uzito unaanzia kilo 1.13, kwa hiyo inakaa kwenye begi moja na madaftari bila kuliumiza bega. Kibodi yake ni nzuri mno kwa mtu wa kuandika insha ndefu. Kwa kuandika, majedwali, vipindi vya video na kusoma mtandaoni, ni vigumu kupata laptopu nyepesi ya bei ya chini inayoizidi. Shida ni kwamba X280 mbili zinazofanana kabisa kwa nje zinaweza kuwa mashine tofauti sana kwa ndani.

Cha kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine hutumia ikiwa kazini. Katika X280 imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) na hakuna sloti, yaani nafasi ya kuchomeka, ya kuongezea. Ukinunua ya GB 4, utabaki na GB 4 hadi siku utakapoiuza. Windows 11 inakubali GB 4 kama kiwango cha chini kabisa, lakini fungua kipindi cha video, kurasa kadhaa za mtandao na Word kwa pamoja, utaona mashine inaanza kuhamishia kazi kwenye diski na kila kitu kinazubaa. Chukua ya GB 8, na ukiipata ya GB 16 usiiache. Muuzaji akisema "utaongeza baadaye", ujue haijui mashine anayoiuza. Usitegemee stika: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, uangalie RAM iliyomo kweli.

Hapo hapo soma jina kamili la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Unayoitaka ni i5-8250U au i5-8350U, zote za kizazi cha 8, zenye kori 4. Kizazi hicho ndicho cha kwanza cha Intel kukubaliwa rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo sababu X270, ndugu yake mkubwa, inauzwa rahisi zaidi: prosesa zake ni za kizazi cha 6 na cha 7. Kwa atakayeweka Linux, X270 bado inafaa.

Kioo nacho kina mtego. X280 zilitoka na vioo vya aina mbili kwa idadi ya nukta, 1366×768 na 1920×1080. Kile cha kwanza ukikiinamisha kidogo rangi zinageuka, na ukiweka maandishi mawili ubavu kwa ubavu hayatoshi. Kwa mtu anayesoma saa nyingi, tofauti hii ina uzito kuliko kasi ya prosesa. Fungua mipangilio ya kioo uhakikishe kinaonyesha 1920×1080. Kisha weka picha nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu, utafute madoa na mistari. Angalia pia kama kamera ipo. Baadhi ziliagizwa na ofisi bila kamera, na mwanafunzi anayehudhuria masomo kwa video ataikosa sana.

Betri ni ya ndani, ya Wh 48. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha uwezo wa awali na uwezo wa sasa ikijaa. Awali ikiwa 48,000 mWh na sasa 36,000, imebaki asilimia 75, na hiyo inatosha kuanzia. Chini ya asilimia 70, omba betri mpya au punguzo linalolingana na bei ya betri. Baada ya hapo funga laptopu, iweke juu ya meza iliyonyooka na uguse pembe zake moja moja. Ikitikisika, au kipadi cha kugusia kimenyanyuka au hakibonyezeki vizuri, huenda betri imevimba. Hiyo usiichukue kabla haijabadilishwa, maana betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Sasa matundu ya USB-C, ambayo ndiyo ugonjwa wa mashine hii. X280 inachajiwa kwa USB-C tu, kwa hiyo tundu lililolegea ni laptopu isiyochaji. Mbali na uchakavu, firmware (programu ya ndani) ya zamani ya chipu ya Thunderbolt, inayoendesha tundu mojawapo la USB-C, ilikuwa na kasoro inayoweza kuua kazi za tundu hilo, na Lenovo ilitoa marekebisho. Ikishaharibika, mara nyingi tiba ni kubadilisha mazabodi. Jaribu kuchaji kwa tundu zote mbili, tikisa waya kidogo uone kama chaji inakatika, na siku ya kwanza tu sasisha firmware kupitia programu ya Lenovo Vantage. Chaja iwe ya wati 45 au 65. Ndogo ya simu haitoshi.

Mashine za ofisi huja pia na kufuli zisizoonekana. Washa huku ukibonyeza F1 ili uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayotangulia Windows. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, achana nayo: kwenye ThinkPad neno la msimamizi haliondoki kwa kuchomoa betri. Kisha irudishe Windows kwenye hali ya mwanzo (Reset), si kuizima na kuiwasha tu, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikikutaka uingie kwa akaunti ya kampuni fulani, bado imesajiliwa huko, na wa kuifungua ni kampuni hiyo tu. Bila intaneti kufuli hii haijitokezi, ndiyo maana kipimo kifanyike mtandaoni.

Diski isikusumbue sana. Ni SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya umbo la M.2 yenye urefu wa milimita 80, na kuibadilisha ni kazi fupi kwa fundi. GB 256 zinatosha kazi za shule. Kabla ya kufungua mfuniko, zima betri ya ndani kupitia BIOS. Mikwaruzo kwenye mfuniko nayo ipuuze, na madaraja ya A, B na C ambayo wauzaji huyatumia kueleza hali ya mashine yasikutishe, kwani kila muuzaji ana vipimo vyake.

Ukikosa ya GB 8 yenye kioo cha 1920×1080, tafuta Dell Latitude 7290. Nayo ni ya 2018, ina kioo cha inchi 12.5 na inapatikana na prosesa za kizazi cha 8, ila RAM yake iko kwenye sloti. Hiyo unaweza kuinunua na GB 4 leo, ukaipandisha hadi 16 ukipata nafasi.