Kiwanja Tanga: mtaa na kijiji havina mamlaka sawa

Kwenye mitaa ya Jiji la Tanga, mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, lakini ugawaji wa viwanja ni kazi ya halmashauri ya jiji. Barua ya mtaa inakutambulisha tu.

Muheza vijijini ni habari nyingine. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, husimamia ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hata hivyo haigawi mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wa miaka 18 na kuendelea, uidhinishe. Hapa ndipo wanunuzi huumia: wanaridhika na muhuri wa mwenyekiti. Tafadhali, dai kwanza nakala ya muhtasari wa mkutano huo.