Chumba cha chini ya paa, Lubumbashi: sufu ya kioo imetufaa, ila sifa kubwa ni ya fundi

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, ya wakati wa Wabelgiji, na paa lake limeinuka sana. Sehemu ya juu tuliifanya chumba cha wasichana wetu. Mwezi wa kumi kilikuwa hakikaliki: mchana manjanja, yaani mabati ya paa, yanawaka, na usiku mbao bado zinatoa joto. Mwezi wa sita na wa saba ni kinyume chake. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri ilikuwa inashuka moja kwa moja juu ya vitanda. Feni na hita hazitoshi, maana umeme hukatika. Tukaamua kuweka chini ya bati kitu cha kuzuia joto na baridi.

Madukani wengi huanza kukuonyesha ile karatasi ya kung'aa. Ni nyepesi na inabebeka, lakini inafanya kazi pale tu penye nafasi ya hewa mbele yake. Ikibanwa kati ya bati na mbao, pesa imepotea. Sisi tulichukua sufu ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zilizoshikana kama blanketi, ya unene wa sentimita 10, bidhaa iliyopitia mpaka wa Kasumbalesa, kati yetu na Zambia.

Mbao za paa zina kina cha sentimita 15. Fundi hakuzijaza zote. Alisema, "Mama, tuache nafasi ya vidole vitatu chini ya manjanja, hewa ipite." Hewa inaingia kwenye ukingo wa chini, inatokea kileleni, na inaondoka na joto. Asubuhi za baridi bati hutoka jasho, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayokausha unyevu. Sufu ikilowa, haizuii tena joto wala baridi vizuri. Kwa hiyo upande wa chumba alitandika plastiki na kuziba viungo vyote kwa utepe, mvuke wa pumzi za wanaolala usipande.

Chini yake akapigilia frigoliti (yale mapovu meupe magumu ya plastiki) ya sentimita 3, ikafunika hata mbao zenyewe, kwa kuwa mti hupitisha joto mara tatu au nne kuliko sufu. Frigoliti inashika moto upesi na moshi wake ni mbaya sana. Usikubali iachwe wazi. Yetu imefunikwa kwa vibao vya jipsamu.

Nilichofurahia zaidi ni mvua. Zamani ikinyesha, huko juu mtu hakusikii hata ukipaza sauti. Sasa wanasoma masomo yao hadi mwisho.

Malalamiko ninayo. Vijana waliomsaidia fundi waliacha bila kuziba vile vikuta vifupi vya pembeni na mlango wa ngazi, na baridi ikawa inapenyea hapo hadi walipoitwa tena. Vumbi la sufu linawasha vibaya, kwa hiyo glavu, barakoa na mikono mirefu ni lazima, na watoto wakae mbali. Kichwani pia tumepoteza nafasi kidogo.

Jambo moja muuzaji hatakuambia: joto likishaingia, chumba kilichozibwa hulishika pia. Mwezi wa kumi tunafunga madirisha mchana, tunafungua ya pande zote mbili jua likizama.

Kama fedha haitoshi kwa yote, nunua sufu, tandika plastiki, ziba matundu, acha ile nafasi ya hewa, na ufunike kwa jipsamu. Frigoliti inaweza kungoja mwaka mwingine, ila kumbuka kwamba siku hiyo vibao vitabidi vishushwe kwanza.